Kipenyo cha Risasi na Masafa Yake: Namna ya Kuchagua Risasi ya Karabini

Watu wengi huamini kwamba risasi iliyo nene ndiyo iliyo bora. Imani hiyo ina ukweli kidogo tu, na mahali penye watu wengi yaweza kuleta msiba. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kipenyo cha risasi kinavyochaguliwa kwa ajili ya karabini ya risasi za bastola, yaani bunduki fupi yenye kitako, ambayo hutegemezwa begani lakini hutumia risasi zilezile za bastola. Silaha za namna hii hutumiwa na askari polisi na walinzi katika nchi nyingi. Ifahamike tangu mwanzo kwamba katika Tanzania silaha haimilikiwi bila ya kibali. Elimu hii haichukui mahali pa sheria.

Kipenyo peke yake hakitoshi

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kipenyo ni upana wa kichwa hicho, ambao hulingana na upana wa ndani wa mtutu. Hupimwa kwa milimita, au kwa sehemu za inchi. Risasi iitwayo .45, kwa mfano, ina upana wa sehemu 45 za mia za inchi, yaani milimita 11.4 hivi.

Lakini risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na ile ya .357 Magnum, iliyotokea Marekani mwaka 1935, zina takriban upana mmoja. Hata hivyo nguvu zao hazilingani kabisa. Tofauti iko katika uzito wa kichwa na wingi wa baruti. Nishati ya kitu kiendacho ni nusu ya masi yake ikizidishwa kwa kasi, kisha ikizidishwa tena kwa kasi. Kwa hiyo uzito ukiongezwa mara mbili nishati huwa mara mbili, bali kasi ikiongezwa mara mbili nishati huwa mara nne.

Kazi ya mtutu mrefu

Mtutu wa bastola aghalabu una urefu wa sentimita 10 hivi, na wa karabini hufika 40. Gesi ya baruti hupata nafasi ya kukisukuma kichwa kwa muda zaidi, nacho hutoka kwa kasi zaidi. Hata hivyo si risasi zote zinazofaidika sawasawa.

Kichwa cha milimita 9 chenye gramu 7.5 hutoka katika bastola kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde, na katika karabini kwa mita 400 hivi. Nishati yake hupanda kutoka juli 460 hadi 600. Kichwa cha .45 chenye gramu 15 huongezeka kidogo tu, kutoka mita 255 hadi 280. Lakini kile cha .357 Magnum, chenye gramu 10, huruka kutoka mita 375 hadi 530, na nishati yake hukaribia kuwa maradufu, yapata juli 1,400. Sababu ni kwamba baruti ya .357 ni nyingi na huungua polepole. Katika mtutu mfupi sehemu yake huteketea nje bila ya kufanya kazi. Baruti ya risasi nyingine mbili huungua mapema, na baada ya hapo msuguano wa mtutu huanza kula faida.

Kasi huathiri shabaha pia. Mtutu ukielekezwa sawa na ardhi, kichwa cha milimita 9 kitokacho katika karabini huwa kimeshuka kiasi cha sentimita 40 kifikapo mita 100, cha.45 huwa kimeshuka zaidi ya sentimita 60. Kwa upande mwingine, .45 huenda chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo haina ule mlio mkali wa kupasua hewa.

Risasi ipatikanayo

Jambo la pili ni upatikanaji. Fikra ya kutumia risasi moja kwa silaha mbili ni ya zamani: bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi ya .44-40, na baada ya miaka michache Colt walitengeneza bastola ya risasi hiyohiyo. Mchukuzi alihitaji mkoba mmoja tu. Jeshi la Uingereza nalo, lilipoipokea bunduki fupi ya Sterling mwaka 1953, lilibaki na milimita 9, risasi iliyokwisha kuenea duniani.

Historia ya pwani yetu inathibitisha jambo hili. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Tanzania Bara ya leo walikuwa na Mauser za mtindo wa 1871, zenye kipenyo cha milimita 11. Risasi zake zilikuwa nene na nzito, lakini baruti yake nyeusi ilitoa moshi mwingi uliomfichua mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki za Waingereza pamoja na risasi zake laki kadhaa, wakazitumia kwa vikosi vyao. Novemba 1917, wakiwa wameishiwa, walivuka Ruvuma na kuteka bunduki za Wareno huko Ngomano. Waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Kipenyo kilikuwa kimeamuliwa na risasi zilizopatikana.

Risasi itakomea wapi?

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Tuchukue mfano wa Kendwa, kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Nungwi iko kiasi cha kilomita tatu tu kutoka hapo. Risasi ya bunduki ya kivita ya .303, ikirushwa juu kwa pembe ifaayo, huweza kuvuka kilomita tatu. Ya milimita 9 hukoma kabla ya kilomita mbili. Hata .22, iliyo ndogo kuliko hizo, huweza kufika karibu kilomita moja na nusu. Risasi zote hizo basi zaweza kumfikia mtu asiyeonekana na mpigaji.

Tena ardhi ya Kendwa ni tambarare, na mahali pengi ni mawe ya matumbawe. Hakuna mlima wa kuizuia risasi iliyokosa, na jiwe gumu huirudisha hewani. Bahari nayo si kinga: kichwa butu kikigusa maji kwa pembe ndogo hudunda, kama kigae kirushwacho na mtoto. Na maji ya Kendwa hayakupwi mbali sana, kwa hiyo waogaji na wavuvi huwamo karibu saa zote. Kuta za makuti, mbao na mabati hazizuii hata risasi ya bastola.

Kwa hiyo, mlinzi wa mahali kama hapo akihitaji karabini, milimita 9 ndiyo inayofaa kwa kawaida: hupatikana kwa urahisi, mrudisho wake ni mwepesi, na mafunzo yake hayana gharama kubwa. .45 yafaa kwa masafa mafupi, ila risasi zake ni nzito kuchukua na hushuka upesi. .357 ina nguvu zaidi ya mahitaji ya ulinzi wa kijiji. .22 ni nzuri kwa kujifunzia shabaha, lakini ni dhaifu kwa ulinzi.

Lakini hakuna kipenyo kinachoweza kuchukua mahali pa kinga ya nyuma. Uwanja wa shabaha huhitaji tuta nene la udongo au mchanga usio na mawe, na mlinzi hana budi kujua kilicho nyuma ya shabaha yake kabla ya kugusa kifyatulio. Asipokijua, iwapo risasi yake ni nene au nyembamba, haifai kurushwa.