Ladha ya Tunda Lisilokuwamo

Mtoto wa Makongeni anaponunua pakiti ya juisi ya unga katika duka lililo karibu na shule yake, picha ya chungwa iliyo juu ya pakiti humwambia kwamba anakwenda kunywa chungwa. Aghalabu chungwa halimo. Kilichomo ni sukari, asidi, rangi, na kitu ambacho maandishi madogo ya Kiingereza hukiita ladha tu. Katika lugha yetu neno hilo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni utamu unaosikika ulimini na raha iletwayo nao. Kiwandani ni jina la bidhaa: mchanganyiko wa kemikali ambazo huenda zikawa kumi au zaidi, na mnunuzi hatajiwi hata moja.

Nisieleweke vibaya. Kemikali kutengenezwa na binadamu si hoja ya kutosha ya kuiita sumu. Vanilini, ambayo ndiyo roho ya harufu ya vanila, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1874, na kwa miaka mingi baadaye viwanda viliifanya kutokana na mafuta ya karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa. Ni vanilini ileile, itoke mmeani au katika chupa ya mkemia. Swali la haki ni jingine: kinatiwa kiasi gani, na nani amekipima?

Jibu la swali hilo hubadilika. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO imekuwa ikichunguza viungio vya vyakula tangu 1956. Hata hivyo, Oktoba 2018 Marekani iliondoa idhini ya kemikali sita za ladha zilizokuwa zimeruhusiwa kwa miongo kadhaa, kwa kuwa zilisababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Wakaguzi walishikilia kwamba kwa viwango vilivyotumika mlaji hakuwa hatarini; lakini sheria ya huko ya 1958 haitaki mjadala juu ya viwango.

Wala si mlaji peke yake. Mwaka 2000, katika kiwanda kimoja cha bisi huko Jasper, Missouri, iligunduliwa kwamba wafanyakazi walikuwa wameharibika mapafu kwa kuvuta mvuke wa ladha ya siagi, ambayo kiini chake ni diasetili. Makongeni ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Eneo la Viwanda haliko mbali. Mtoto hunywa ladha, na huenda mzazi wake ndiye anayeichanganya.

Sheria tunazo. Sura 254 ya Sheria za Kenya inahusu vyakula, dawa na kemikali. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na ya kulindwa afya yake. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Soma vifungu hivyo viwili pamoja, kisha uitazame tena ile pakiti. Nyingine hudai kwamba ladha yake "inafanana na ya asili". Maneno ya hila hayo! Msomaji huliona neno asili akatulia, ilhali maana yake ni kwamba kitu kimetengenezwa. Umoja wa Ulaya uliliacha fungu hilo katika sheria yake ya 2008.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mwuza keki na mandazi anayenunua kichupa cha ladha na kukitia kwenye unga kwa kukisia, kizibo kikiwa ndicho kipimo chake. Hana nia mbaya. Maagizo, kama yapo, yameandikwa kwa Kiingereza cha mkemia. Shirika lidai kipimo kiandikwe kwa Kiswahili juu ya kila kichupa, na aina ya ladha itajwe waziwazi juu ya kila pakiti. Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa sayansi wanaweza kuanza kwa kipindi kimoja tu: wanafunzi walete karatasi za pakiti, waorodheshe yaliyomo, wayatafsiri, na orodha ya maneno yaliyowashinda ipelekwe kwa Shirika.