Kompyuta Inapouliza Uingie Mfumo Gani

Microsoft ilifunga rasmi huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Miongoni mwa wenye kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11, wapo walioujaribu mfumo wa Ubuntu, na waangalifu wakauweka kando ya Windows badala ya kufuta kila kitu. Wengine walipiga Windows mpya kwenye sehemu nyingine ya diski, ile ya zamani ikabaki. Matokeo ni yaleyale: mashine ikiwashwa inaleta orodha na kuuliza iingie wapi. Mfumo mmoja usipohitajika tena, swali hilo hugeuka kero ya kila siku.

Wengi hupotea kwa kudhani kwamba jina lililo kwenye orodha ndilo mfumo wenyewe. Sivyo. Jina likifutwa, mafaili huendelea kula nafasi ya diski. Mafaili yakifutwa, jina huweza kubaki likielekeza kusiko na kitu.

Windows zikiwa mbili, kazi ni nyepesi. Mtumiaji anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, anaandika msconfig, kisha anafungua ukurasa wa Boot. Humo huonekana mistari miwili, pengine yenye jina lilelile, lakini mmoja umeandikwa Current OS. Huo ndio mfumo unaotumika wakati huo, usiguswe. Unachaguliwa ule mwingine, inabonyezwa Delete, kisha OK. Likibaki jina moja, kompyuta haiulizi tena, na zile sekunde 30 za kusubiri zinakwisha. Enzi za Windows XP orodha hii ilikuwa faili dogo la maandishi, boot.ini; tangu Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, imehamia kwenye hifadhi isiyofunguka kwa Notepad.

Kwa Ubuntu mambo ni mazito zaidi. Yenyewe huja na kiwashi chake, GRUB, kinachokaa mbele ya Windows. Mwenye haraka hufungua Disk Management, akaifuta sehemu ya Ubuntu, akafurahi kuona nafasi imerudi. Akiwasha tena, anakuta kioo cheusi na maneno mawili: grub rescue. Kwenye mashine za zamani zenye BIOS, kipande cha kwanza cha GRUB kimo mwanzoni kabisa mwa diski, nje ya sehemu iliyofutwa. Kimesalimika, na sasa kinatafuta mafaili yaliyokwisha kufutwa.

Windows haijaguswa hata kidogo. Iliyokatika ni njia ya kuifikia. Inauma kuona mtu akikubali diski ifutwe yote, picha za familia zikiwemo, kwa tatizo ambalo mara nyingi hutibika kwa flashi ya Windows na amri moja tu: bootrec /fixmbr.

Mashine mpya hutumia UEFI, na hapo kiwashi hukaa kwenye sehemu ndogo iitwayo EFI System Partition, ambamo Windows na Ubuntu kila mmoja una folda yake. Dawa ni kuanza na mpangilio wa kuwasha, si na diski. Ndani ya mipangilio ya UEFI, Windows Boot Manager ipandishwe juu ya ubuntu, kisha mashine iwashwe ili kuhakikisha inaingia Windows moja kwa moja. Ndipo sehemu ya Ubuntu ifutwe. Mwisho, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, amri mountvol S: /S huipa sehemu ile ndogo herufi ya S, na folda ya ubuntu iliyomo ndani ya EFI inaweza kuondolewa. Folda ya Microsoft iachwe ilivyo. Na sehemu hiyo yenyewe, ambayo huweza kuwa na megabaiti 100 tu na kuonekana haina kazi, isifutwe kamwe: bila hiyo Windows haiwaki.

Kompyuta nyingine zina ulinzi wa BitLocker, nao ukihisi kuwa mpangilio wa kuwasha umebadilika, unaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufungua diski. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, simamisha BitLocker kwa muda, na uandike tarakimu hizo 48 kwenye karatasi.