Baba wa Mtoto: Yanayosemwa na Maabara, Yanayosemwa na Sheria

Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inapopita Kikopey, karibu na Gilgil, magari husimama mchana na usiku kwa ajili ya nyama choma. Dereva wa lori la kuelekea Malaba hula hapa, askari wa kambi za Gilgil hupita, na abiria wa Eldoret na Kisumu hushuka kunyoosha miguu. Wapita njia ndio riziki ya mji huu. Lakini wapo pia watoto ambao baba zao walishaondoka na barabara hiyohiyo, au hawakuondoka ila wanasema, "Huyo si wangu." Ugomvi wa namna hiyo unapofika kwa chifu au kwa afisa wa watoto, neno DNA hutajwa mapema. Wengi wamelisikia, lakini wachache wameelezwa kipimo chenyewe hufanya nini. Kwa kukosa maelezo, mama huogopa kudai na mwanamume huogopa kupimwa, na anayeumia ni mtoto.

Kabla ya maabara, ushahidi ulikuwa sura. Bibi alimfunua mtoto akakagua masikio, paji la uso na vidole vya miguu, kisha akatoa hukumu. Tatizo ni kwamba sura huruka. Mtoto anaweza kufanana na shangazi wa mama yake kuliko na baba aliyemzaa, na watu wasio na undugu wowote wanaweza kufanana kama mapacha.

Hatua ya kwanza ya kisayansi ilikuwa makundi ya damu, yaliyogunduliwa na Karl Landsteiner mjini Vienna mwanzoni mwa karne ya 20. Makundi hayo hurithiwa kwa kanuni. Mama akiwa na damu ya kundi A na mtoto akawa na B, hiyo B lazima imetoka kwa baba, na mwanamume wa kundi O hawezi kuitoa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya mwigizaji Charlie Chaplin huko California. Vipimo vilionyesha kwamba hawezi kuwa baba, lakini mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba ndiye, na akaamriwa kumtunza mtoto. Kipimo hicho chenyewe pia kilikuwa na udhaifu. Kiliweza kumwondoa mtu, lakini hakikuweza kumthibitisha, kwa kuwa wenye kundi moja la damu ni mamilioni.

Mlango ulifunguka tarehe 10 Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Mwanasayansi Alec Jeffreys alikuwa akichunguza sehemu zinazojirudiarudia za DNA, yaani kemikali ya urithi iliyomo ndani ya seli za mwili, akaona kwamba kila mtu ana mpangilio wake, na kwamba mpangilio huo hutoka kwa mama na baba. Kesi ya kwanza iliyotatuliwa kwa ugunduzi huo, mwaka 1985, ilihusu familia ya Kiafrika. Kijana wa familia yenye asili ya Ghana alizuiwa kuingia Uingereza kwa sababu maafisa wa uhamiaji hawakuamini kwamba ni mwana wa mwanamke aliyemwita mama. Baba hakupatikana kupimwa. Jeffreys alichukua damu ya mama, ya kijana na ya ndugu zake watatu, akasoma kupitia kwa hao watatu kile ambacho baba yao aliwapa. Kijana akathibitika kuwa mtoto wa nyumba hiyo, akaruhusiwa kukaa.

Kipimo cha leo ni chepesi zaidi. Pamba safi husuguliwa ndani ya shavu la mtoto, la mwanamume na, ikiwezekana, la mama. Hakuna sindano. Maabara husoma sehemu 15, 20 au zaidi za DNA ambapo kipande kifupi hujirudia mara kadhaa, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kila sehemu ina namba mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Tuseme katika sehemu moja mama ana 12 na 15, na mtoto ana 12 na 17. Hiyo 12 ni ya mama, kwa hiyo 17 imetoka kwa baba. Mwanamume anayedaiwa akiwa na 14 na 17, hapo amelingana. Akiwa na 9 na 14, hapo hakulingana.

Sehemu moja haitoshi kuamua lolote. Wako wanaume wengi wenye 17, na mara chache namba hubadilika kidogo inapopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ndiyo maana maabara makini haimwondoi mtu kwa tofauti ya sehemu moja tu. Zikipishana sehemu kadhaa, jibu ni kwamba si baba. Zikilingana zote, mtaalamu hukokotoa ni mara ngapi ulinganifu huo ungetokea kwa mwanamume mwingine asiye na undugu naye, na ndipo ripoti husema uwezekano wa kuwa baba ni asilimia 99.9 au zaidi. Haiandikwi 100 kwa sababu hesabu ya uwezekano haifiki huko, si kwa sababu mtaalamu ana shaka. Kuna tahadhari moja kubwa: ndugu wa tumbo moja hushirikiana namba nyingi. Kama anayeshukiwa ana kaka ambaye naye huenda akawa ndiye, maabara lazima iambiwe mapema. Na kwa mapacha wanaofanana kabisa, kipimo cha kawaida hakiwezi kuwatenganisha.

Mwanamume akiwa amefariki au ametoweka, njia haijafungwa. Wazazi wake, ndugu zake au watoto wake wengine wanaweza kupimwa, kama ilivyokuwa kwa kijana yule wa 1985. Mtoto wa kiume hurithi kromosomu Y ya baba yake karibu bila mabadiliko, kwa hiyo babu au baba mdogo anaweza kuonyesha kwamba mtoto ni wa ukoo ule, ingawa hilo halitaji ni mwanamume yupi wa ukoo.

Kwa upande wa sheria, Kenya imetembea safari ndefu. Sheria ya mwaka 1959 ilimruhusu mama asiyeolewa kumdai baba matunzo mahakamani, lakini Bunge likaifuta mwaka 1969, na mzigo ukabaki kwa mama na wazazi wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, iligeuza mambo: mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mwezi Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha sheria ya usajili kilichozuia jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa kinapingana na Katiba. Hapo awali, mama asiyeolewa alipoenda kusajili mtoto bila idhini ya baba, nafasi ya jina la baba ilijazwa alama za X. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikasisitiza wajibu wa wazazi wote wawili.

Je, mahakama inaweza kumlazimisha mtu kupimwa? Hakimu hatoi amri kwa sababu tu jina limetajwa. Mama huonyesha kwanza kwamba palikuwa na uhusiano: ujumbe wa simu, pesa zilizotumwa, mashahidi waliowajua. Maslahi ya mtoto yakidai ukweli ujulikane, amri hutolewa, na anayekataa bila sababu anajiweka pabaya. Lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa kumlazimisha mwanamume kutoa sampuli katika dai lililoletwa na mtu mzima, ikizingatia faragha yake na haki juu ya mwili wake. Mtoto anayehitaji karo na chakula leo ana hoja nzito kuliko ya mtu mzima huyo.

Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa anatazamwa tofauti. Wazee husema kitanda hakizai haramu, na Sheria ya Ushahidi inakaribia kusema vivyo hivyo. Mtoto aliyezaliwa ndoa ikiwepo, au ndani ya siku 280 baada ya kuvunjika na mama hajaolewa tena, huhesabiwa kuwa wa mume, isipokuwa ithibitishwe kwamba wawili hao hawakukutana wakati mimba ilipotungwa. Sheria ya Urithi nayo humhesabu mtoto kuwa wa mwanamume iwapo mwanamume huyo alimtambua, alimkubali kama wake, au alijitwika kwa hiari jukumu lake la kudumu. Hapo hapana neno lolote kuhusu maabara. Aliyelea kwa miaka kumi kisha akapata karatasi ya kipimo asidhani karatasi hiyo inafuta miaka kumi.

Kwa hiyo ninawasihi wenye shauri hili wafanye mambo matatu. Kwanza, wasipime kwa siri. Unywele uliokatwa bila mzizi hautoi majibu ya kutegemewa, na sampuli ambayo hakuna aliyeshuhudia ikichukuliwa inaweza kukataliwa mahakamani. Kipimo cha kesi huanza kwa vitambulisho, picha, sahihi na bahasha iliyofungwa mbele ya mashahidi. Pili, waanze mapema, baba angali hai na anajulikana aliko. Afisa wa watoto hupokea malalamiko, mahakama za Naivasha na Nakuru husikiliza kesi za watoto, na asiye na pesa za wakili anaweza kuomba Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au FIDA, shirikisho la wanasheria wanawake. Tatu, wasiamini maneno kwamba kwa kuwa wengi wanaopimwa hukutwa si baba, basi wanawake wote ni waongo. Wanaokwenda maabara ni wale ambao tayari walikuwa na shaka. Hao hawawezi kuwa kipimo cha nyumba zote.

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Maabara imetuondolea ubishi wa nani alizaa, na hiyo ni neema kubwa kwa mama aliyeitwa mwongo na kwa mwanamume aliyesingiziwa. Kulea bado ni kazi yetu, na mtoto ana haki ya kuidai kwa jina la baba yake.