Mbele ya Kuuzisha, Tazama Kwanza: Kitambaa cha Rafia cha Bakuba

Jamaa nyingi za kambi zetu zilikuja kwa treni kutoka Kasai. Njia ya reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 inapita Mweka, katika inchi ya Bakuba. Pengine hata kwenu kungali kitambaa kimoja cha rafia, chini kabisa ya sanduku ya nkambo. Vijana wanasema: "Ile ni kitu ya zamani tu!" Siku njaa inaingia nyumbani, muchuuzi anakuja, anatoa makuta kidogo, anakibeba.

Ndugu, mbele ya kuuzisha, kitwae kwanza mukononi.

Nani alikitengeneza? Si mutu mumoja. Wanaume wanatoa nyuzi katika majani machanga ya rafia na kuzifuma. Hawazisokoti wala hawaziungi. Ndiyo maana kipande hakipite urefu wa jani. Kisha kinatwangwa katika kinu mpaka kinalainika.

Sasa mama anashika sindano. Anapitisha uzi wa rangi chini ya nyuzi za kitambaa, anauvuta, halafu anaukata kwa kisu kidogo, anaacha ncha fupi zikisimama kama manyoya. Hafunge fundo hata moja! Anafanya vile mara maelfu, mpaka kitambaa kinakuwa laini kama veluru. Kipande kimoja chaweza kuomba mwezi ao zaidi. Na mapambo? Anayatoa kichwani mwake. Ukiona mustari unageuka gafula, usiseme amekosea. Ule ndio ufundi wake.

Kwa Bakuba, kitambaa hiki kilitumiwa kama feza, na wafu wanavalishwa nacho ili wakambo wawatambue. Katika mwaka 1908 Emil Torday alikusanya vitu vya Bakuba kwa ajili ya British Museum ya London. Henri Matisse, muchoraji wa Ufaransa, alitundika vitambaa hivi katika ukuta wa nyumba yake ya kazi. Wageni waliviona. Na sisi je?

Wazazi, hatusemi musiuzishe hata kidogo, shida tunaijua. Lakini muhesabu kwanza siku za kazi ya yule mama, ndipo mutaje bei. Na ninyi vijana, jioni hii mukae karibu na nkambo, mumuulize: "Pambo hili linaitwa namna gani? Nani alilishona?" Muandike jibu lake katika kaye, wakati angali anakumbuka.