Sura ya Saba: Kufuli Moja kwa Safari Moja

MV Mbeya II, meli inayotoka bandari ya Kiwira wilayani Kyela kuelekea Mbamba Bay, iliundwa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200. Zishike namba hizo mbili, kwa maana sura hii yote imesimama juu yake. Sasa tuwaze programu ya tiketi ambayo nyuzi zake, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, zinahudumia dirisha la Kiwira, dirisha la Matema na simu za wateja, zote kwa wakati mmoja.

Imebaki nafasi moja. Uzi wa Kiwira unasoma 1. Kabla haujaandika 0, uzi wa Matema nao unasoma 1. Kila uzi unatoa tiketi, kila uzi unaandika 0. Hesabu inaonekana safi kabisa. Kosa litajulikana gatini, abiria wa 201 akiwa na tiketi halali mkononi. Unaweza kuijaribu programu mara elfu ofisini usilione, likaibuka siku ya msongamano.

Dawa nyepesi ni namba ya atomiki: prosesa inakagua na kupunguza kwa tendo moja lisilogawanyika. Kwa namba moja inatosha. Lakini mfanyabiashara wa mchele wa Kyela hataki kiti tu. Anataka kiti na nafasi ya magunia yake, akikosa kimoja hasafiri. Namba mbili za atomiki, hata kila moja ikiwa salama peke yake, hazimhakikishii hilo.

Basi tuweke makufuli mawili, la viti na la mizigo, kila moja likishikwa na uzi mmoja tu kwa wakati? Hapo ndipo nimeona wengi wakinasa. Uzi mmoja umefunga viti, unataka mizigo. Wa pili umefunga mizigo, unataka viti. Hakuna unaoachia, na mfumo unaganda bila hata ujumbe wa kosa. Unaweza kuweka kanuni kwamba viti vifungwe kwanza siku zote. Inafaa, mpaka aajiriwe mtu ambaye hakuambiwa. Mimi ningeweka kufuli moja kwa kila safari, kwa sababu viti na tani ni ahadi moja kwa mteja mmoja, na safari mbili tofauti hazina sababu ya kungojana.

Ila usilishikilie kufuli hilo wakati mteja anaandika namba yake ya siri ya simu. Foleni nzima itamngoja yeye. Funga, mtengee nafasi kwa muda, fungua. Malipo yakithibitishwa, funga tena ukamilishe. Na kama mtandao wa malipo unapokea maombi 10 tu kwa mpigo, hiyo ni kazi ya semafo, chombo alichobuni Edsger Dijkstra wa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Semafo huhesabu wangapi wako ndani, basi.

Lipo pia kufuli linaloruhusu wasomaji wengi kwa pamoja, au mwandishi mmoja peke yake. Linavutia, kwa kuwa wanaouliza nafasi ni wengi kuliko wanaonunua. Lakini kila msomaji hulazimika kujiandikisha akiingia na akitoka, na kwa kazi fupi kama kusoma namba mbili, gharama hiyo mara nyingi huzidi faida. Anza na kufuli la kawaida, upime chini ya msongamano wa kweli, na ubadilishe ukiwa na vipimo mkononi.