Kigari Kilichosimama: Utangulizi wa Utunzaji wa Vigari vya Gofu

Anayeingia katika fani hii kwa mara ya kwanza hutarajia kukutana na injini, gia na vumbi la gereji. Atakutana navyo kidogo tu. Kigari cha gofu cha umeme kina mota moja, betri chache, nyaya nene, usukani mwepesi na breki ambazo, kwa vigari vingi, ziko kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Viwango vya watengenezaji wa Marekani vinataka kigari cha uwanjani kisizidi maili 15 kwa saa, sawa na kilomita 24 hivi. Chombo cha mwendo huo hakichakazwi sana na njia. Sehemu kubwa ya madhara hukipata usiku, siku za mapumziko na msimu wa wageni wachache, kigari kikiwa kimeegeshwa bandani. Naomba msomaji alishike hilo tangu mwanzo: kigari hiki huharibika zaidi kikiwa kimesimama kuliko kikiwa kinatembea, na kukitunza ni kujua kusimamia huko kusimama.

Historia yake ni fupi. Vigari vya umeme vilianza kuenea katika viwanja vya gofu vya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1954 kampuni ya E-Z-GO ilianzishwa mjini Augusta, jimbo la Georgia, na baadaye Club Car nayo ikahamia huko huko. Lakini betri inayoviendesha ni kongwe kuliko gari lenyewe: betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anarithi maarifa ya zaidi ya miaka 160 kuhusu betri, na ya miaka kama 70 kuhusu kigari. Mizani hiyo inaonyesha pa kuelekeza nguvu, nami nitaifuata katika utangulizi huu.

Tuanze ndani ya seli. Kuna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yote yamezama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Betri inapotoa umeme, asidi huondoka majini na kushikamana na mabamba, ikawa salfeti ya risasi. Ikichajiwa, salfeti huvunjika na asidi hurudi majini. Salfeti iliyotengenezwa leo ni laini na hurudi bila taabu. Ikiachwa siku nyingi hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiziwezi tena, na sehemu hiyo ya bamba inakuwa imekufa. Ndiyo maana kigari kilichofanya kazi Ijumaa kikaachwa bila kuchajiwa hadi Jumatano hupata hasara kubwa kuliko ile ya kazi yenyewe. Hata betri iliyojaa hupoteza chaji polepole bila kuguswa, na joto huharakisha uchakavu wake: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Banda la mabati lisilo na madirisha, mahali kama Mombasa au Tanga, ni mazingira ya kutiliwa maanani.

Kutokana na kemia hiyo zinazaliwa kanuni za kila siku. Chaji kila baada ya kutumia, hata kama safari ilikuwa fupi. Usiikamue betri hadi kigari kikawa kinajikokota; nusu ya chaji ni mpaka mzuri wa kurudi bandani. Kigari kinachopumzishwa kwa muda mrefu kikaguliwe na kuchajiwa tena angalau kila mwezi.

Kisha yako maji. Kuchaji hutenganisha sehemu ya maji kuwa hidrojeni na oksijeni, nayo huondoka kama gesi, huku asidi ikibaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake. Katika maduka mengi ya vipuri chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi hukaa rafu moja, basi soma lebo kabla ya kulipa. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yanayochafua mabamba, na visima vingi vya pwani vina chumvi juu ya hayo. Wakati wa kuongeza nao una hoja yake. Majimaji ya betri hutanuka yanapochajiwa, hivyo anayejaza kabla ya kuchaji atayakuta asubuhi yamefurika, yamebeba asidi na kuanza kula fremu. Chaji kwanza, kisha jaza hadi milimita 3 hivi chini ya mdomo wa ndani wa tundu. Ukikuta mabamba yako wazi, yafunike kwa maji kidogo, chaji, ndipo umalizie.

Gesi hiyo ya hidrojeni huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Banda la kuchajia linahitaji matundu karibu na paa, kwa sababu hidrojeni hupanda juu, na sigara ibaki nje. Kabla ya kufungua waya wowote, weka swichi iliyo chini ya kiti katika nafasi ya kuvutwa, kwa vigari vyenye swichi hiyo, vua saa, pete na bangili, na vaa miwani na glavu. Volti 48 zinaweza zisikurushe, lakini spana ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja hupitisha umeme wa kutosha kuyeyusha chuma. Asidi iliyomwagika huzimwa kwa maji yaliyochanganywa na bikaboneti ya soda, ile ile ya kupikia.

Hadi hapa nimeeleza matendo. Kinachoyageuza kuwa elimu ni kipimo. Tuchukue kigari cha volti 48 chenye betri sita za volti 8. Kila betri ina seli nne zinazokaribia volti 2 kila moja. Kigari kinapanda mteremko kwa shida. Fundi anakichaji, anakiacha kipoe kwa saa kadhaa, kisha anapima: betri tano zinasoma 8.46, ya nne inasoma 8.37. Tofauti ni ndogo, na asiye mzoefu angeiacha ipite. Anapima tena huku kigari kikipanda mteremko. Zile tano zinashuka hadi 7.6, ya nne inaporomoka hadi 5.7. Sasa hesabu inasema. Volti 7.6 kwa seli nne ni 1.9 kila seli, na 5.7 ni seli tatu za 1.9. Seli moja haichangii kitu. Anafungua vifuniko na kuingiza haidromita, kifaa cha kupima uzito wa majimaji: seli tatu zinasoma 1.270, moja inasoma 1.180. Ugonjwa umepatikana bila kubomoa chochote. Tofauti inayozidi 0.030 baina ya seli hutosha kumfanya fundi ajaribu chaji ndefu ya kusawazisha. Tofauti ya 0.090, pamoja na kuporomoka kule mlimani, inaashiria seli isiyotarajiwa kupona.

Sehemu nyingine za kigari zinahitaji muda mfupi zaidi. Vichwa vya betri visafishwe kwa brashi, vikazwe na kupakwa grisi ya kuzuia kutu, kwa kuwa kiungo kilicholegea hupata moto na kula umeme. Upepo wa tairi mara nyingi ni kati ya pauni 18 na 22, ila maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa; tairi laini hufupisha safari ya betri. Waya za breki hutanuka na viatu vya breki huisha. Katika vigari vipya mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo, hivyo breki iliyokwisha inaweza kujificha hadi siku ya dharura. Grisi ya usukani na mafuta ya difu hufuata ratiba ya mtengenezaji. Vigari vya petroli huongeza mafuta ya injini, chujio, plagi na mkanda, mambo ambayo fundi wa pikipiki anayajua tayari.

Hapa kwetu fani hii ina maswali yake. Katika viwanja vyetu vingi mchezaji hutembea na kedi anayebeba fimbo, na vigari vingi utavikuta hotelini, vikipeleka mizigo na wageni toka mapokezi hadi vyumba vya ufukweni. Vitabu vya watengenezaji, hata hivyo, vimeandikwa vikimfikiria mchezaji: mashimo 18, kisha kulala kwenye chaja. Kigari cha hoteli hufanya safari fupi kutwa nzima, kimejaza masanduku, kwenye mchanga na upepo wa chumvi, na muda wake wa kusimama hukatikakatika. Halafu umeme. Ukikatika saa nane za usiku, si kila chaja itaendelea ilipoishia, na dereva wa asubuhi atachukua kigari chenye chaji nusu akidhani kimejaa. Mambo haya yakijirudia, salfeti hujengeka wakati kila mtu anaamini kigari kinachajiwa kila siku. Ratiba ya ukaguzi ya hoteli ya pwani haiwezi kunakiliwa kutoka Georgia; inapaswa kuandikwa na wanaotumia vigari hapa.

Kuna mijadala miwili ambayo msomaji ataikuta mara moja. Wa kwanza ni huu: betri moja ikifa, ubadilishe hiyo au zote? Betri mpya iliyofungwa pamoja na kongwe hulazimika kufuata mwendo wa zile dhaifu, na huzeeka haraka. Kwa seti changa, betri moja ya aina ile ile hutosha. Kwa seti iliyokaribia mwisho, kubadilisha moja ni kuahirisha gharama. Mjadala wa pili unahusu betri za lithiamu, ambazo hazihitaji maji, ni nyepesi zaidi na hulindwa na saketi zake zenyewe. Wapo wanaosema zitaifuta fani. Mimi naona zinabadilisha mtaala tu: haidromita itawekwa kabatini, chaja itabidi iwe ya aina yake, na kigari kitaendelea kuwa na breki, tairi, viungo vya waya na miezi ya kusimama. Zaidi ya hapo, lithiamu hupenda kupumzishwa ikiwa na chaji ya kadiri, wakati risasi hutaka ijae. Aliyezoea kanuni bila sababu zake atakosea hapo.

Kwa anayeanza, vifaa ni vichache: mita ya volti, haidromita, kipima upepo, brashi, glavu, miwani na daftari. Chagua kigari kimoja. Kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, andika volti ya kila betri ikiwa imetulia, kipimo cha kila seli, kiasi cha maji ulichoongeza, na kama chaji ya usiku ilikamilika. Kipimo kimoja hakina la kusema. Vipimo vya miezi mitatu vitakuonyesha betri inayoachana na wenzake wiki nyingi kabla dereva hajalalamika. Ukifika hapo umeshaanza kazi ya fani hii, na sura zinazofuata zitakuwa zinajibu maswali yaliyomo katika daftari lako.