DADA HAZUGI, MAJI YA MGONGO YAMEVUJA!

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize. Mzazi wa juzi tu, akilala yuko safi, akikaa anashika kichwa na kulia. Utasemaje? Mamamkwe wa dada yangu alisema, "Huyu anazuga, hataki kazi." Bibi naye akasema ni jini la mikokoni.

Dada alijifungua kwa upasuaji, akachomwa ganzi ya mgongoni. Alivyoruhusiwa tukapanda boti Nyamisati, tukaingia delta ya Rufiji. Njia nzima alilala chali juu ya magunia. Akiinuka, kichwa kinapasuka, shingo inakaza. Akilala, kimya.

Kesho yake maji yalipojaa nikamrudisha Nyamisati, hadi Kibiti. Daktari wala hakushangaa. Aliuliza moja tu: "Ukilala kinapoa?"

Kumbe ubongo na uti wa mgongo vinaelea ndani ya maji. Sindano ya mgongoni, iwe ya ganzi au ya kuchota maji ya kupima, hutoboa mfuko wa maji hayo. Tundu likichelewa kuziba, maji yanavuja. Ukisimama, ubongo unashuka kidogo na kuvuta utando wake. Hapo ndipo utalia!

Wala si jambo jipya. Mwaka 1898, Mjerumani August Bier, daktari aliyeanzisha ganzi hiyo, alijitolea mwenyewe achomwe. Kichwa kikamlaza siku 9. Sijui mamamkwe wake alisemaje!

Wengi hupona ndani ya wiki mbili kwa kupumzika, kunywa vya kutosha na dawa za maumivu. Kikigoma, madaktari huchota damu ya mgonjwa mkononi, wakaichoma mgongoni karibu na tundu, igande na kuziba. Dada hakufika huko. Siku ya sita aliketi mwenyewe akanyonyesha.

Ila usibweteke. Kichwa kisichopoa hata ukilala, homa, degedege au kuona viwili viwili, kimbia hospitali. Na mzazi apimwe presha, maana kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua.

Sindano yenyewe usiikatae, imeokoa kinamama wengi. Ila ukiumwa, sema. Na ndugu, msikilizeni kabla hamjamwita mvivu.

Mamamkwe? Siku hizi ndiye anayembembeleza mtoto. Tukutane wiki ijayo!